Litowa: Kijiji Kilichoyashika Maneno ya Chama



Nimeombwa nizungumze juu ya msimamo na utii wa chama katika siasa za ngazi ya chini. Mazungumzo ya namna hii huanzia bungeni, kwa mbunge fulani aliyefukuzwa uanachama. Mimi naomba twende Songea kwanza.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League waliingia porini kuanzisha shamba la pamoja. Jaribio la kwanza halikusimama. Wakajipanga upya, wakahamia Litowa, na safari hii wakakaa. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vingine vikafuata mfano, vikaunda jumuiya iliyojulikana kama Ruvuma Development Association, na kufikia 1969 jumuiya ilikuwa na vijiji kama 17. Walikuwa na shule yao pale Litowa ambamo wanafunzi walisoma na kulima, na wakanunua mashine ya kusaga nafaka Songea mjini. Mwalimu Nyerere aliwapenda. Ukisoma leo andiko lake la Ujamaa Vijijini la Septemba 1967, utaona alikuwa na mfano hai mbele ya macho wakati anaandika.

Kilichowatofautisha hakikuwa jembe. Watu wa Ruvuma walikuwa wakilima kabla ya TANU kuzaliwa. Tofauti ilikuwa mkutano. Kazi ya kesho, kiasi cha kuuza, nani aende kusomea ufundi, mapato yagawanywe vipi: yote yaliamuliwa na wanakijiji wakiwa wamekaa pamoja, na kiongozi aliyechaguliwa alirudi pale pale kutoa hesabu. Ofisa akija na amri yake kutoka mjini alisikilizwa kwa heshima zote, kisha akaambiwa asubiri, mkutano ujadili. Hebu jiwekeni katika nafasi ya ofisa huyo. Ametoka na gari la serikali, ana barua, ana chama nyuma yake, na anaambiwa asubiri na watu waliovaa kaptula zilizotiwa viraka!

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaipiga marufuku jumuiya hiyo. Sababu iliyotolewa kwa umma ni kwamba kazi ya kujenga ujamaa vijijini ni ya chama, na sasa chama kingeifanya chenyewe. Mali za jumuiya zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa. Mwalimu, mlezi wao wa miaka yote, hakuuzuia uamuzi ule.

Sasa niulize: nani alikuwa mtiifu kwa TANU? Wazee wa kamati walikuwa na muhuri. Watu wa Litowa walikuwa na Azimio la Arusha, na walilichukua kwa uzito kuliko wengi waliolipigia makofi Februari 1967. Wale hawakuwa wapinzani. Hawakuunda chama kingine wala kurudisha kadi. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba chama kikisema watu wajiamulie, kimemaanisha.

Wengi tunapenda kueleza mikasa kama hii kwa kutafuta mtu mbaya: mkuu wa mkoa mwenye kiburi, kamati yenye wivu. Watu hao walikuwepo, sikatai. Lakini ukiishia hapo utakuwa umelizunguka jambo. Litowa ilivunjika kwa wepesi kwa sababu haikuwa na mahali pa kusimama nje ya chama. Chama ndicho kilichoiruhusu kuwapo, na aliyekupa ruhusa kwa mdomo huiondoa kwa mdomo. Msimamo wao ulikuwa imara kuliko sheria iliyoubeba.

Na miaka sita baadaye sheria yenyewe ikaja kulifunga jambo. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilimfanya mwenyekiti wa tawi la TANU kuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi kuwa katibu wa kijiji. Kuanzia hapo, mwanakijiji aliyehoji hesabu za kijiji alikuwa anahoji chama, apende asipende. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kofia hizo zilitenganishwa, lakini mlango wa kuingilia ukabaki ule ule: huwezi kugombea uenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji bila kudhaminiwa na chama. Kwa hiyo mwenyekiti anayesimamia bomba la maji, mipaka ya mashamba na ugomvi wa mbuzi walioingia kwenye mahindi, ana mabwana wawili. Wanakijiji humpa kura. Kamati za chama huamua kama jina lake litafika kwenye karatasi ya kura au litakatwa. Mnajua wenyewe ni yupi anayeogopwa zaidi.

Mchungaji Christopher Mtikila alilifikisha suala la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba mwaka huo huo kuufunga mlango. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki. Mtikila alifariki 2015 na mlango umefungwa. Wenzetu wa Kenya waliufungua kwa Katiba ya 2010, na anayeangushwa kwenye mchujo wa chama anaweza kwenda kwa wapigakura mwenyewe.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila anayekihama chama ana msimamo. Mwishoni mwa 2017 tuliwashuhudia wabunge na madiwani wa upinzani wakijiuzulu kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais. Maneno mazuri. Miezi michache baadaye baadhi yao walisimama katika majimbo yale yale, kwa tiketi ya chama kilichokuwa madarakani, wakarudi kwenye viti vile vile. Kinondoni na Siha, Februari 2018, ni mifano inayojulikana. Yawezekana mmoja au wawili waliguswa moyoni kweli, siwezi kuchungulia vifua vya watu. Ninachoweza ni kuuliza swali la muuza duka: huo msimamo umekugharimu nini? Watu wa Litowa msimamo wao uliwagharimu shule, mashine na miaka tisa ya jasho.

Vyama navyo, vyote, vya kijani na vya rangi nyingine, vina neno moja la kumfunga mtu mdomo: msaliti. Mwenyekiti wa tawi akiuliza michango ya ofisi imekwenda wapi, ni msaliti. Diwani akikataa kupitisha ushuru unaowaumiza wauza mchicha waliomchagua, ametumwa. Katika hili sioni tofauti kubwa kati ya chama tawala na vyama vya upinzani, isipokuwa ukubwa wa fimbo.

Tufanyeje basi? Siombi mashujaa, maana mashujaa ni wachache na wana watoto wa kusomesha. Naomba tutazame kitu ambacho Litowa hawakuwa nacho na sisi tunacho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa kila mkazi mtu mzima, mwenye kadi na asiye nayo. Taarifa ya mapato na matumizi nayo inapaswa kusomwa mbele ya mkutano huo. Hapo ndipo msimamo unapoweza kupata miguu ya sheria.

Wajanja wanalijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana mkutano huahirishwa kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu ya mavuno, kisha kwa sababu akidi haikutimia. Ndiyo maana karatasi ya mahudhurio, iliyosainiwa na watu waliokuja kusikiliza habari za chanjo ya kuku, inaweza kuonekana imebanwa nyuma ya muhtasari unaosema wananchi wameridhia mwekezaji apewe ekari mia tano. Mwanafunzi wangu anayetaka kujua siasa za nchi hii aache kwanza ilani za uchaguzi, akaombe kusoma muhtasari wa kijiji kimoja kwa miaka mitano mfululizo. Akinyimwa, hilo nalo aliandike.

Nimewahi kuambiwa kwamba tukivitoa vyama kwenye uchaguzi wa kijiji, wenye fedha watajinunulia vijiji. Hoja hiyo ina uzito. Ila mwenye fedha leo hahitaji kukihonga kijiji kizima. Anahitaji kamati ya watu wachache tu, na wote wanaingia katika sebule moja. Kununua mkutano wa watu mia nne, mchana kweupe, chini ya mwembe, huku mama mkwe wa mwenyekiti akisikiliza, ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: uenyekiti wa kijiji, mtaa na kitongoji ugombewe na mkazi yeyote, mwenye chama na asiye na chama, na kura ya kumwondoa ibaki kwa mkutano mkuu uliomchagua, siyo kwa kamati inayoshika kadi yake.