Siku Ishirini za Nyumbani: Mhadhara wa Umma juu ya Maudhi ya Dawa za Saratani



Desturi ya chuo humtaka anayekabidhiwa kiti cha uprofesa asimame mbele ya hadhara aeleze elimu yake ina faida gani kwa watu waliogharimia kuisoma kwake. Na kwa kuwa wengi wa waliohudhuria jioni hii si matabibu, nimechagua jambo ambalo tabibu peke yake hawezi kulikamilisha hata akihifadhi vitabu vyote vya fani, nalo ni kuyafahamu na kuyafuatilia maudhi yaletwayo na dawa za saratani. Sababu ya uchaguzi huu ni hesabu nyepesi. Nyingi katika dawa hizi hutolewa kwa duru za siku 21: siku moja mgonjwa huketi hospitalini na dripu mkononi, akizungukwa na wauguzi, wafamasia na madaktari, siku 20 zinazobaki huzipitisha nyumbani, akizungukwa na mume au mke, wanawe, jirani zake na jamaa waliokuja kumjulia hali. Dawa huingia mwilini katika ile siku moja, lakini athari zake karibu zote hudhihiri katika zile 20. Swali la mhadhara huu, basi, ni nani mlinzi wa siku hizo, na amepewa maarifa gani ya kulindia.

Ili tuelewe kwa nini kitu kitibucho kiwe pia chenye kudhuru, yafaa tukumbuke kilikotoka, maana katika elimu hii madhara yalijulikana kabla ya manufaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ulaya yalitupiana gesi ya haradali, na mwaka 1919 Edward na Helen Krumbhaar waliandika kwamba askari waliodhurika kwa sumu ile chembe nyeupe za damu yao zilipungua mno, na uboho wa mifupa yao ukadhoofika. Mwaka 1942 Louis Goodman na Alfred Gilman, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walijiuliza kama sumu ya jamii hiyo, ikipimwa kwa uangalifu, isingeweza kuziangamiza chembe nyeupe zilizogeuka kuwa saratani. Ikajaribiwa kwa mgonjwa mmoja, uvimbe ukanywea, kisha ukarejea. Desemba 1943, ndege za Kijerumani zilipoishambulia bandari ya Bari nchini Italia, ikalipuka meli iliyokuwa imebeba gesi hiyo kwa siri, na daktari Stewart Alexander alipochunguza majeruhi na maiti aliuona upungufu ule ule wa chembe nyeupe. Kwa hiyo, anayeshangaa kuona damu ya mgonjwa inashuka baada ya dripu ajue kwamba kushuka huko ndiko kulikowafungulia wataalamu mlango wa tiba yenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina fungu lake katika tarikhi hii. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, na baada ya miaka michache ikabainika kwamba uvimbe huo, uliomshinda mpasuaji kwa kisu, huyeyuka kwa dawa kama saiklofosfamaidi na methotreksati. Na mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha kuutibu, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Katika uvimbe huo kuna fundisho la ajabu: huweza kufa kwa haraka kupita kiasi hata mabaki yake yakaielemea damu na kuziba figo, mtoto akawa hatarini kwa sababu ya kufaulu kwa dawa, na ndiyo maana tangu kabla ya dawa hutiwa maji mengi mwilini, na mkojo wake ukapimwa.

Saratani ni chembe za mwili zilizovunja amri ya kusimama, zikawa zajigawa bila ya kikomo. Na dawa za aina ninayoizungumza hazina jicho la kumtambua adui kwa sura, bali huiandama chembe yoyote iliyo katika kujigawa. Mvuvi akokotaye juya hachagui samaki, na dawa hizi nazo hukumba kila chembe yenye haraka ya kuzaana, iwe asi au tiifu. Sasa katika jasadi ya binadamu mna mahali ambapo kuzaana kwa haraka ndiyo siha yenyewe: uboho ufanyao damu, utando laini wa kinywa na wa utumbo, na mashina ya nywele. Ndipo mgonjwa akanyonyoka nywele, akatoka vidonda vya kinywani, akaharisha, akapungukiwa na damu.

Mambo haya hayaji ovyo. Kila moja lina wakati wake, na anayeujua wakati huo hatishwi na lililotarajiwa wala halipuuzi lisilotarajiwa. Kichefuchefu huanza katika saa za mwanzo, na kwa dawa kama sisiplatini huweza kurudi siku ya pili na ya tatu. Ndiyo sababu dawa ya kukizuia, kama vile ondansetroni, hutolewa kabla ya dripu, kwa kuwa kukizuia ni kwepesi kuliko kukituliza kikishashika. Chembe nyeupe za ulinzi huishi katika damu kwa muda wa saa tu, chembe sahani zinazogandisha damu huishi siku 8 hadi 10, na chembe nyekundu siku 120 hivi; uboho ukizuiwa kazi yake, hutangulia kwisha zile zenye maisha mafupi. Basi aghalabu baina ya siku ya 7 na ya 14 chembe za ulinzi hufikia ukomo wa chini, kisha huanza kupanda. Na muda wa siku 21 baina ya dripu na dripu uliwekwa kwa insafu hiyo, ili uboho upate wasaa wa kujirudi. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kila duru, na daktari anayeahirisha dripu kwa sababu ya majibu ya maabara hamcheleweshi mgonjwa, bali anamlinda.

Yapo pia maudhi yasiyofuata kanuni hii ya haraka, kwa maana kila dawa ina kiungo inachokionea. Doksorubisini, ambayo rangi yake hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili pasipo kudhuru, huudhoofisha moyo kwa jumla ya kiasi chote mtu alichopata kutiwa maishani, na kwa hiyo wataalamu huchelea kupita miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili; sisiplatini huonea figo, masikio na mishipa ya fahamu; bleomisini huonea mapafu; saiklofosfamaidi huweza kuunguza kibofu. Vinkristini, itokanayo na ua la Madagaska ambalo wengi wetu tunalo bustanini bila kujua ukali wake, hugusa mishipa ya fahamu: mgonjwa hupata choo kigumu, vidole vikafa ganzi, ikamshinda kufunga kishikizo cha shati, na kandambili ikamtoka mguuni asijue. Hesabu ya jumla kama ile ya doksorubisini haikai kichwani mwa mtu. Mgonjwa anayehama kutoka hospitali moja hadi nyingine bila ya karatasi inayotaja dawa alizopewa na kiasi chake, amehama na moyo wake bila ya ushahidi wa kuutetea.

Katika yote hayo lipo moja ambalo nataka tulitulie, kwa kuwa laweza kuua baina ya adhuhuri na alfajiri, nalo ni homa. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake walithibitisha, kwa wagonjwa wa saratani ya damu, kwamba kadiri chembe za ulinzi zinavyopungua ndivyo maambukizi yanavyozidi. Na leo hospitali huhesabu chini ya chembe 500 katika mikrolita moja ya damu kuwa ni hatari kubwa. Jambo linalowadanganya watu ni kwamba usaha ni mkusanyiko wa chembe hizo hizo: asiyekuwa nazo hatungi usaha, kidonda chake hakivimbi sana, na hata picha ya kifua huweza isionyeshe kitu. Aghalabu ishara moja tu hubaki, nayo ni joto la mwili.

Sasa tazama yatokeayo majumbani mwetu. Mtu akishikwa na homa Tanga au Kisumu, fikira ya kwanza ni malaria. Hununuliwa dawa mseto dukani, akapewa na parasetamoli, joto likashuka, nyumba ikatulia. Kwa mtu mwingine huenda hilo likastahimilika. Kwa aliyetiwa dawa ya saratani siku 10 zilizopita, parasetamoli imeizima ishara ya pekee aliyobakiwa nayo, huku bakteria wakiendelea na safari yao katika damu. Apimwe malaria, naam, kwa maana naye ni binadamu wa nchi hii. Lakini hata vimelea vikionekana havimwondolei hatari ya bakteria, kwa kuwa maradhi mawili huweza kukutana katika mwili mmoja. Joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika hapo, aende hospitali saa ile ile, usiku au mchana, na miongozo ya tiba yataka antibayotiki itiwe mshipani kabla ya saa moja kupita tangu kufika kwake. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo. Nathubutu kusema kwamba hakuna chombo kingine ambacho familia yaweza kukinunua kikaokoa maisha kwa urahisi namna hiyo.

Kujua wakati wa kuogopa kwahitaji mizani. Tangu mwaka 1983 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani imeyapanga maudhi kwa madaraja, na katika mpango unaotumika leo la 1 ni jepesi na la 5 ni mauti. Chukua kuharisha: aliyezidisha safari za chooni chini ya 4 kwa siku kuliko kawaida yake yuko daraja la 1, aliyezidisha 4 hadi 6 yuko la 2, aliyezidisha 7 au zaidi yuko la 3, na huyo hastahili kulala nyumbani. Mizani hiyo haihitaji shahada. Yahitaji kuhesabu na kusema.

Na hapo kwenye kusema ndipo penye ugumu. Mama mtu mzima huingia chumba cha daktari, kijana humwamkia, "Shikamoo mama," naye hujibu, "Marahaba mwanangu", huulizwa, "Hujambo?" naye husema, "Sijambo, alhamdulillahi", na kalamu ikaandika kwamba mgonjwa hana tatizo, ilhali wiki nzima amekula uji mwepesi kwa vidonda vya kinywani. Mama huyu hakusema uongo. Amejibu maamkizi kwa adabu aliyolelewa nayo. Wengine hunyamaza kwa haya, wengine kwa kuchelea nauli, wengine kwa hofu kwamba dawa itapunguzwa na saratani itashinda, na wengine kwa kuamini kwamba ukali wa mateso ni burhani ya kufaulu kwa tiba. Imani hiyo ya mwisho haina msingi, na hofu ile ya kupunguziwa dawa huleta kile kile inachokikimbia: atajaye ganzi mapema huweza kupunguziwa kidogo akaendelea hadi mwisho, ilhali afichaye husimamishwa dawa yote pindi miguu inaposhindwa kumchukua.

Ithibati ipo. Mwaka 2017 Ethan Basch na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 766 wa kituo cha Memorial Sloan Kettering, New York, waliotibiwa kwa dawa hizi. Fungu moja liliangaliwa kwa utaratibu wa kawaida, na la pili liliulizwa mara kwa mara kwa kompyuta juu ya dalili 12 za kawaida, na dalili ikizidi muuguzi akaarifiwa papo hapo. Nusu ya walioulizwa hivyo walikuwa wangali hai baada ya miezi 31.2, wenzao walifikia nusu hiyo katika miezi 26. Haikuongezwa dawa mpya. Kilichoongezwa ni kuuliza, na sikio lililokuwa tayari kwa jibu.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: uvumilivu wa mgonjwa ni fadhila, lakini si kipimo cha maabara, na msiutumie badala ya maswali. Baada ya maamkizi ulizeni moja moja: amekwenda chooni mara ngapi, amekula nini jana, vidole vyahisi vipi, na ametumia mitishamba gani, mkiliuliza hili la mwisho bila ya kumtisha, kwa sababu aliyetishwa ataendelea kuinywa kwa siri. Hospitali nazo ziwe na namba ya simu inayojibiwa usiku wa manane, na kila mgonjwa apewe kadi itajayo dawa zake na tahadhari ya homa kwa maandishi makubwa, ili mganga wa zahanati ya mbali, anayegongewa mlango saa nane za usiku na mtu asiyemjua, asimrudishe nyumbani na vidonge vya malaria. Na kwenu mlio na mgonjwa nyumbani: mkishika simu kutueleza yaliyompata hamtusumbui, kwa maana tumepima dawa siku moja, na kipimo cha duru ijayo kinangoja habari mlizonazo ninyi.