Oili ya Giaboksi Katika Magari Yetu ya Umeme

Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu mafanikio, na waliotutangulia kusema wameyahesabu vyema. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeomba nafasi ya kueleza hasara moja, kwa kuwa hasara iliyoeleweka ni akiba.

Tulipoyapokea magari yetu ya kwanza ya umeme, aina ya Nissan Leaf, yaliyokwisha kutumika Japani, aliyetuuzia alituambia kuwa gari la umeme halitaki oili. Tulifurahi, tukawaandikia hivyo wanachama, tukalifuta fungu la oili katika makisio ya mwaka. Neno lile lilikuwa nusu ya kweli. Oili ya injini haimo, maana injini haimo. Lakini kati ya mota na magurudumu mna giaboksi ndogo, nayo ina oili yake, isiyotimia lita mbili.

Mwanachama mwenzetu mmoja alikuja ofisini kutuambia kuwa gari lake linavuma kama mzinga wa nyuki. Tulimjibu kuwa huenda ni tairi. Haukupita muda mrefu beringi ikavunjika, meno ya gia yakaharibika, na mtu yule akakaa bila kazi huku karo za watoto zikimngojea. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu.

Giaboksi hii haibadilishi gia. Kazi yake ni kupunguza mwendo. Mota huzunguka karibu mara nane ndipo gurudumu lizunguke mara moja, na gari likienda kasi mota huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Tena dereva akiondoa mguu, gari hurudisha umeme katika betri, na meno yaliyokuwa yakisukumwa upande huu husukumwa upande wa pili. Mzigo wote huo hubebwa na utando mwembamba wa oili.

Injini ya petroli huichafua oili kwa masizi ya moto. Hapa hakuna moto. Uchafu huzaliwa ndani kwa ndani. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Meno mapya yanaposuguana hutoa unga wa chuma. Oili huuchukua unga ule hadi katika beringi, unga hukwaruza, na mkwaruzo huzaa unga mwingine. Yako magari ya umeme yenye pampu na chujio la oili; haya yetu hayana, bali gia zenyewe huirusha oili. Umeme nao waweza kuvuja kutoka katika mota na kupita katika beringi, ukaichoma oili na kutoboa vishimo vidogo katika chuma.

Baada ya hasara ile tulimwomba fundi wetu afungue magari yote. Katika mengi oili ilitoka nyeusi kama kahawa. Katika moja lililopita kwenye mafuriko ilitoka kama chai ya maziwa, dalili ya kuwa maji yameingia. Fundi akatufungia nati zenye sumaku, akatufundisha kuzisoma: ute wa kijivu, laini kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyochoma kidole ni jino au beringi inayokufa. Akatuonya pia kuwa sumaku haishiki shaba wala alumini, na kwamba tusitie oili nzito ya ekseli, bali ile nyepesi iliyotajwa na mtengenezaji.

Kwa hiyo Halmashauri inauomba Mkutano huu ukubali mambo matatu: fungu la oili lirudishwe katika makisio, kila gari liwe na daftari la tarehe, kilometa na hali ya oili, na mwanachama asemaye gari lake linavuma asikilizwe siku ile ile.

Ndugu wanachama, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ukuta wa kwanza tumekwisha kuujenga kwa fedha zenu. Tusaidieni tusijenge wa pili.