Boksi Kabla ya Wati: Mada kwa Wanaoanza Kujitengenezea Spika za Sinema ya Nyumbani



Nimeombwa nieleze jinsi mtu anayeanza anavyoweza kujitengenezea spika za kutazamia filamu nyumbani, homu thieta kama tunavyoiita mtaani. Naomba nianze na mama yangu. Anapenda filamu zilizotiwa Kiswahili, zile za sauti ya Lufufu na waliomfuata, ambamo mtu mmoja anasimulia na kuwasemea wahusika wote. Nilipomnunulia seti ya dukani, sabufa kubwa na vispika viwili vidogo, nilidhani nimemfurahisha. Besi ilitikisa vikombe kabatini. Lakini kila baada ya muda mfupi alinigeukia: "Wanasemaje hapo, mwanangu?" Maneno yalikuwa yamezama. Kazi yangu yote ya spika imetokana na swali hilo, na leo nataka tulishughulikie hilo kabla ya jingine lolote: spika ya nyumbani kwanza itamke.

Simu za zamani za waya zilibeba mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, na bado ulimtambua shangazi yako kwa "haloo" moja. Humo ndimo maneno yanamokaa. Kuifikia sehemu hiyo hakuhitaji spika kubwa wala amplifaya yenye kibandiko cha wati elfu. Tena kuhusu wati niwaambie wazi: kuongeza sauti kwa desibeli 3, kiasi ambacho sikio linakitambua bila shida, kunataka wati mara mbili, na ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati takriban mara 10. Anayefukuza wati anachoma fedha. Kinachohitajika ni boksi zuri, na boksi ni kazi ya seremala.

Hapa ndipo sisi wa Lushoto tunapokuwa na mtaji. Milima hii imeishi na mbao muda mrefu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walitandaza kamba za chuma hewani kutoka Shume hadi Mkumbara bondeni, zikishusha mbao kuelekea reli ya Tanga. Mti wetu wa mkulo uliosifika sasa uko ndani ya hifadhi kama ile ya Magamba, na uachwe huko huko, lakini misaipresi na misindano ya kupandwa ipo Shume, na ujuzi wa kuifanyia kazi umo mikononi mwa watu waliomo humu ndani. Seremala wa Soni au Mlalo anayejua kuunga kona ya kabati isipitishe panya amebakiza hatua moja: aunge kona isipitishe hewa.

Kwa nini hewa? Chukua spika tupu, iunganishe na redio, ishike mkononi. Utasikia sauti nyembamba, besi hakuna. Sasa toboa katoni tundu la ukubwa wa spika, ikandamize hapo. Besi inakuja. Katoni haikuongeza umeme hata kidogo. Karatasi ya spika ikisukuma hewa ya mbele, wakati huo huo inaivuta ya nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana. Boksi linayatenganisha. Ndiyo maana nasema boksi ni nusu ya spika, na ni nusu ambayo hailetwi na meli.

Spika ya koili na sumaku tunayoitumia hadi leo imetokana na kazi ambayo Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg waliitangaza mwaka 1925. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu aliyetaka besi ya kina alihitaji boksi la ukubwa wa kabati. Mwaka 1954 Mmarekani mwingine, Edgar Villchur, akatoa spika ndogo iliyozibwa kabisa, ambayo ndani yake hewa yenyewe ilifanywa kuwa springi. Mnaweza kuliona jambo hilo kwenye pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma mpini, uachie: unarudi wenyewe. Hewa iliyofungiwa inaisukuma na kuivuta karatasi ya spika vivyo hivyo, nayo haichezi ovyo.

Kuna maboksi yenye tundu au bomba mbele, na yanatoa besi nyingi zaidi. Sitayafundisha leo. Urefu na upana wa bomba hutafutwa kwa hesabu zilizopangwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small miaka ya 1970, na hesabu hizo zinadai ujue vipimo vya spika yenyewe. Ninyi wengi mtaanza na spika iliyotolewa kwenye redio mbovu au gari lililokufa, isiyo na karatasi ya maelezo. Boksi lililozibwa linasamehe. La bomba halisamehi, na likikosewa linavuma noti moja kama ngoma iliyolegea.

Basi tupime. Kwa spika ya inchi 6 na nusu napendekeza boksi ambalo ndani yake lina upana wa sentimita 20, kina cha 30 na urefu wa 35. Zidisha: lita 21, yaani ndoo ya maji na kidogo juu yake. Plaiwudi ya milimita 18 inaongeza sentimita 3.6 kila upande wa hesabu, kwa hiyo nje utapata 23.6 kwa 33.6 kwa 38.6. Boksi moja linakula mita za mraba 0.6 hivi. Karatasi nzima ya plaiwudi, ile ya mita 2.44 kwa 1.22, inatoa maboksi manne, na vipande vinabaki vya kukazia ndani.

Nasema plaiwudi kwa sababu nimeadhibiwa. Maboksi yangu ya kwanza niliyatengeneza kwa saipresi mbichi, mbao iliyokuwa bado inatoa jasho. Nilizipiga randa zikang'aa, nikaunga kwa gundi na skrubu, nikapaka vanishi. Zilipendeza, na nilizionyesha kwa kila aliyepita. Baada ya miezi michache mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa kwa upana wake. Maungio ya nyuma yaliachia ufa wa kupitisha ukucha. Besi ikaondoka, na mahali pake pakaja mlio wa kuzomea kila muziki ulipopanda. Nilibadilisha spika mara mbili kabla sijageuza boksi na kuuona ufa. Mbao ya mti mzima inafaa ikiwa imekaushwa kivulini muda mrefu, ikiwa na vijiti kati ya ubao na ubao. Kwa anayeanza, plaiwudi haina vituko hivyo. Na MDF, inayosifiwa sana katika nchi nyingine, mimi siipendi katika vyumba vyetu: ukungu wa miezi ya baridi unaingia hadi sebuleni, na kingo zake zikinywa unyevu zinavimba.

Kila ungio la ndani lipakwe gundi kwa kidole, kona zote, hata unapoamini limebana. Tundu la waya lizibwe. Kisha piga muziki wenye besi na upitishe kijiti cha udi polepole kwenye maungio. Moshi ukiyumba mahali, hapo pana uvujaji.

Ndani ya boksi tia sufi. Ile ile ya mito, iliyochambuliwa vizuri, ijae bila kushindiliwa, na weka kitambaa chepesi nyuma ya spika ili nyuzi zisiingie kwenye koili. Inanyonya mwangwi unaogonga ukuta wa nyuma na kurudi kupitia karatasi. Bila hiyo, msimuliaji wa filamu anasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

Kwenye waya nitapita haraka, fundi redio ataeleza mchana. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita itasoma 6 au 7. Ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazivumilii hilo. Twita, kile kispika cha sauti nyembamba, ilindwe na kapasita isiyo na chanya wala hasi: ya maikrofaradi 4.7 kwa twita ya omu 8 inaanza kupitisha kwenye mitetemo kama 4,200 kwa sekunde. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika: karatasi ikitoka nje, mguu uliopata chanya ndio chanya. Spika zikipishana chanya na hasi, besi inapotea katikati ya chumba, na wengi hulaumu boksi bure. Amplifaya inunuliwe. Umeme wa volti 230 haufundishwi katika semina ya siku moja.

Filamu za sinema zilianza kutumia mpango wa Dolby Digital wa spika tano na sabufa mwaka 1992, na leo kila kijana anataka zote sita kwa mkupuo. Nawasihi msifanye hivyo. Tengeneza mbili, uishi nazo. Kisha ya katikati, chini ya televisheni, kwa kuwa huko ndiko mazungumzo mengi hupelekwa. Sabufa baadaye. Za nyuma mwisho kabisa. Kipimo changu si mlipuko wa bomu. Ni taarabu ya Tanga, Black Star au Lucky Star. Kodiani, gita la besi na sauti ya mwanamke vikisikika kila kimoja mahali pake, boksi limekubali.

Sabufa itakapofika, chumba nacho kitasema neno. Sebule yenye urefu wa mita 4 inakuza mitetemo ya karibu 43 kwa sekunde, na ya upana wa mita 3 inakuza ya 57. Weka sabufa kwenye kiti unachokalia, piga wimbo, kisha tembea umeinama kando ya kuta. Panapotoka besi iliyo sawa, pasipovuma wala kufifia, hapo ndipo pake. Nyumba isiyo na dari inataka mkeka, pazia zito na blanketi ukutani, na blanketi huku kwetu hazijawahi kukosekana.

Mama bado anauliza maswali wakati wa filamu. Siku hizi anauliza kwa nini yule kijana alimdanganya mchumba wake.

Plaiwudi iko nje chini ya mparachichi, mistari nimeshaichora kwa penseli. Tukitoka hapa tunaanza na ubao wa mbele, kwa sababu tundu la spika ndilo linalochukua muda.