BIMA YA MWENYE NYUMBA SI BIMA YAKO
(Maneno ya katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya bima ya wapangaji. Sitasema mengi, kwani wengine wenu mnaingia kazi ya usiku.

Mwaka 2019 ploti niliyopanga iliungua. Nyaya za umeme zilishika moto usiku, vyumba sita vikateketea. Mwenye nyumba alikuwa na bima, na baada ya miezi michache paa lilikuwa na mabati mapya. Sisi wapangaji tulidhani tutalipwa pia. Hatukupata hata senti moja. Vitanda, nguo za watoto, cherehani ya mke wangu, vyote vilikwenda.

Ndugu, tuelewe jambo hili. Bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na paa. Vitu vya ndani ni vyako, na hasara yake ni yako, isipokuwa umeviwekea bima wewe mwenyewe.

Hapa Kenya bima ya nyumbani huuzwa kwa mafungu. Fungu la jengo ni la mwenye nyumba. Mpangaji asikubali kuuziwa. Fungu la vitu vya ndani ndilo lako: moto, bomba kupasuka, na wizi wa kuvunja mlango. Simu au kompyuta unayotembea nayo ina fungu lake. Tena liko fungu la madai ya watu wengine. Jiko lako likiunguza jengo, mwenye nyumba au kampuni yake ya bima yaweza kukudai. Usilidharau fungu hilo.

Sasa tazameni mitego.

Kwanza, usitaje thamani ndogo ili ulipe kidogo. Ukiwa na mali ya sh. 200,000 ukaandikisha sh. 100,000, na moto ukala ya sh. 60,000, kampuni yaweza kukulipa sh. 30,000 tu, kwa kuwa uliandikisha nusu.

Pili, katika kila hasara kuna sehemu ya kwanza unayobeba mwenyewe. Uliza ni kiasi gani.

Tatu, ukiacha nyumba tupu siku nyingi, kama tufanyavyo Desemba tukienda mashambani, huenda wizi usilipwe. Soma hati uone ni siku ngapi.

Nne, weka risiti na picha za vitu vyako mahali pengine, si katika nyumba hiyo hiyo. Ukiibiwa, piga ripoti polisi upesi.

Usimpe wakala fedha kabla ya kuhakikisha kwamba yeye na kampuni yake wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Dai risiti ya kampuni, kwani bila malipo kufika huko huna bima.

Ndugu, mmoja akienda peke yake hupewa bei na kuambiwa atie sahihi. Tukienda wengi tutaweza kuuliza na kujadiliana. Kila mmoja aandike orodha ya vitu vyake na thamani yake, ailete kwa karani kabla ya mkutano ujao. Kamati itatafuta bei kwa makampuni matatu, nanyi mtachagua.