Hotuba juu ya Wapagazi wa Kariakoo



Nimepewa zamu ya kusema jioni hii juu ya mji wetu wa Dar es Salaam. Naomba ruhusa niziache khabari za Seyyid Majid, aliyeanza kujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, kwa kuwa mlizisoma shuleni. Nitasema juu ya jina moja tu, nalo ni Kariakoo.

Mahali penyewe mwapajua. Ukitoka bandarini, ukipita maduka ya Uhindini na uwanja wa Mnazi Mmoja, waingia katika tambarare yenye mitaa iliyonyoka kama mistari ya daftari. Ndipo Wadachi walipokusudia Waafrika wakae, wakajenga na soko. Lakini vita ya 1914 ikaja. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na pale sokoni wakaweka kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps. Ndimi za watu zikalifanya neno hilo Kariakoo, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi.

Vita ile ilipiganwa penye mbung'o, wanyama wa mizigo wakafa kwa wingi, na barabara za motokaa zilikuwa haba. Hivyo risasi, unga, hata majeruhi katika machela, vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Wengi hawakujitolea, walikamatwa. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na maradhi, kama kuhara damu na malaria, yaliua wengi kuliko risasi.

Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari. Ni kazi nzuri, sina neno juu yake. Lakini juu ya nguzo yuko askari na bunduki yake, na wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini. Katika ukumbusho wa Nairobi, ulio kazi ya mchongaji yule yule, James Alexander Stevenson, mpagazi amesimama sawa na askari. Soko nalo lilijengwa upya, likafunguliwa 1975 kwa ramani ya Beda Amuli, likaungua Julai 2021, jina halikuungua.

Sisi makarani twahusika kwa njia nyingine. Mishahara ya wengi waliofia safarini haikuwafikia warithi wao. Jina likisikiwa vibaya na kuandikwa vibaya, bila la baba wala la kijiji, mtu huyo amefutika, na mjane wake hana la kudai. Kalamu hushikwa na karani, mabwana, wala si na jemadari.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwanachama aliye na babu au mjomba wa ukoo aliyechukuliwa Kariakoo na aandike jina lake kamili, la baba yake, kijiji chake, na kama alirudi. Bwana Katibu amekubali kuweka daftari mezani kwake kila Jumamosi baada ya kazi. Mimi nimekwisha kuandika mawili.