Sogea Kidogo: Barabara ni ya Anayepita Tu?

Wale mliokosa mjadala wetu wa Alhamisi jioni chuoni, haya ndiyo niliyosema. Nimeyapanga kidogo tu ili yasomeke. Sheria za uzi huu mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafafanua suala, halafu nyinyi mnabishana kwa hoja.



Naanza na mjomba wangu. Ni dereva wa lori, miaka zaidi ya 20 barabarani. Usiku mmoja gurudumu lilipasuka kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, karibu na Gilgil. Alifanya kila kitu dereva anachofundishwa. Alilisogeza lori kando kadiri alivyoweza, akawasha hazadi, akaweka pembetatu ya onyo, na kwa kuwa hii ni Kenya, akakata matawi akayatandaza nyuma. Taniboi wake akainama kulegeza nati. Gari dogo likaja mbio. Halikupunguza mwendo, halikusogea. Likampata taniboi mguuni. Yuko hai, tunashukuru, lakini anatembea kwa mkongojo na kazi ya lori imeisha.

Sasa sikieni kilichomuuma mjomba zaidi. Kwenye karatasi, kosa liliandikwa kuwa la lori: limezuia barabara. Aliyesimama ndiye mkosaji. Aliyepita alikuwa tu "anaendelea na safari". Mjomba akanipigia simu akaniuliza, "Wewe mtoto wa dada yangu unayesoma siasa, hebu niambie, barabara ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Jioni hii najaribu kumjibu.

Kuna aina ya sheria ambayo kwa Kiswahili naweza kuiita sheria ya kusogea. Ilianzia Marekani, na ina sehemu mbili tu. Ya kwanza: ukiona gari la dharura limesimama kando ya barabara likiwa limewasha taa, hamia leni iliyo mbali nalo. Ya pili: ikiwa huwezi kuhama, punguza mwendo. Basi. Hata mtoto wa shule ya msingi anaielewa.

Ilianzaje? Jimbo la South Carolina, Januari 1994, mji wa Lexington. Mhudumu wa ambulensi aitwaye James Garcia alikuwa kazini kwenye eneo la ajali akagongwa na gari lililokuwa likipita. Alijeruhiwa. Na ripoti ikasema nini? Ikasema kosa ni lake. Mtu ameitwa kuokoa maisha, amegongwa akiwa kazini, halafu anaambiwa alisimama vibaya. Garcia hakunyamaza. Alisukuma suala hilo hadi mwaka 1996 jimbo lake likapitisha sheria ya kwanza ya aina hii nchini humo.

Niliposoma hadithi hiyo nilimkumbuka mjomba, nikaona tofauti ndogo lakini nzito. Faini si ndiyo iliyokuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni ubishi kuhusu nani aandikwe kama mkosaji. Na hilo, wenzangu, ni suala la siasa kabisa. Siasa ni kuamua mzigo ubebwe na nani.

Baadaye majimbo mengine yakafuata. Illinois walikuwa na msiba wao: Desemba 2000, afisa wa zimamoto wa Chicago, Scott Gillen, aliuawa na dereva mlevi akiwa kwenye eneo la ajali barabarani. Sheria ya huko inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 2012 Hawaii ilipitisha yake, na hapo majimbo yote 50 yakawa nayo. Hesabuni: kutoka 1996 hadi 2012. Miaka 16 kukubaliana kwamba mtu anayeokoa wenzake asigongwe!

Lakini mapitio ya kila jimbo yalileta swali lingine: nani anahesabika? Mwanzoni orodha ilikuwa fupi: polisi, ambulensi, zimamoto. Basi mwenye gari la kuvuta magari yaliyoharibika akauliza, na mimi je? Mfanyakazi wa barabara akauliza, na mimi? Mzoa taka naye? Orodha ikarefushwa, jimbo moja baada ya lingine. Florida, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, sheria inamlinda hata mwananchi wa kawaida ambaye gari lake limeharibika na amewasha hazadi. New York wakafanya karibu hivyo hivyo Machi mwaka huohuo. Yaani ilichukua karibu miaka 30 sheria kutoka kwa mwenye sare hadi kwa mtu kama taniboi wa mjomba.

Na msidhani kwamba huko mambo ni sawa kwa kuwa sheria ipo. Kule sheria za trafiki hutungwa na majimbo, kwa hivyo kila jimbo lina maneno yake. Florida inakuambia ushuke maili 20 kwa saa chini ya kiwango, kama kilomita 32. Ukivuka mpaka, unakuta maneno mengine. Illinois walipandisha faini mwaka 2019, kosa la kwanza likawa dola 250 kwenda juu. Ila mtu ambaye hajui sheria ipo hawezi kuogopa faini yake. Ofisi inayokagua kazi za serikali kuu ya Marekani ilichunguza sheria hizi mwaka 2020, na ugumu uliotajwa ulikuwa huo huo: kuwafanya wananchi wazijue, na polisi kuzitekeleza.

Turudi nyumbani. Ile Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inasemaje? Kifungu cha 49 kinaadhibu kuendesha gari bila uangalifu au bila kuwajali wengine wanaotumia barabara. Vizuri. Kifungu cha 46, kinachohusu kusababisha kifo, kinamtaja anayeendesha ovyo, na pia kinamtaja waziwazi anayeacha gari barabarani mahali pa hatari. Hebu soma vifungu hivyo viwili kwa macho ya mjomba. Aliyesimama ametajwa kwa kitendo chake hasa. Anayempita ameachiwa maneno ya jumla, "uangalifu" na "kujali", ambayo kila mtu atayatafsiri anavyotaka. Kwa hivyo anayeandika ripoti usiku, kwenye baridi, ana maneno tayari ya kumwandikia mwenye lori. Ya kumwandikia yule mwingine lazima ayatafute.

Je, tunakili sheria ya Marekani kama ilivyo? Hapana, na hapa naomba mnisikize vizuri, kwa sababu mijadala yetu hupenda kunakili. Barabara zetu kuu nyingi zina leni moja kwenda na moja kurudi. Ukiniambia nisogee mbali na ambulensi iliyosimama, unaniambia niingie upande wa basi linalokuja. Hiyo si sheria, hiyo ni kaburi. Kwetu nusu yenye maana ni ile ya pili: punguza mwendo.

Pia kando ya barabara yetu si mahali patupu. Hapo ndipo mama mboga anauza, wanafunzi wanatembea, bodaboda zinangoja abiria, na matatu zinaovalapu kukiwa na jam. Juni 30, 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha barabara likaangamiza zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wafanyabiashara na watu waliokuwa kando wakisubiri magari. Sisemi sheria ya kusogea ingezuia ajali ile. Nasema ilituonyesha kwamba Wakenya wanaishi kando ya barabara, na kila mjadala wa usalama ukianza na dereva anayepita, umeanza upande mmoja.

Kisha kuna suala la nani afanye kazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za ambulensi na zimamoto. Trafiki ya barabara kuu na polisi viko kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mkisikia kiongozi wa kaunti akijisifu jukwaani kwamba amenunua ambulensi, pigeni makofi, halafu ulizeni: itapitaje? Naye wa kitaifa akijisifu kwa lami mpya, ulizeni: gari likiharibika hapo, kuna nafasi ya kusimama? Kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Kibunge kwa lugha yake huita hali hiyo mashauriano.

Kuna dada mmoja alinyoosha mkono nikiongea akasema, "Hiyo sheria itakuwa ATM ya polisi tu." Ukumbi wote ukacheka, na mimi nikacheka, lakini ana haki. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, kanuni za matatu zilizoanza Februari 2004. Mnazijua kwa jina la waziri wa wakati huo. Mikanda, vidhibiti mwendo, sare. Kwa muda abiria walifunga mikanda bila kuambiwa mara mbili. Leo panda matatu utafute mkanda unaofungika. Adhabu ilipolegea, desturi nayo ikalegea, kwa sababu haikuwa imetia mizizi.

Mwingine akasema hasogei kwa sababu king'ora hakimwambii tena kitu. Kila mheshimiwa anayechelewa mkutano ana king'ora. Kweli tupu. Mwenye king'ora asiye na dharura anaiba nafasi ya mgonjwa, si ya leo tu bali hata ya kesho, maana kesho hatutaamini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Sitaki tuanze na faini kubwa. Nataka mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, sheria itaje kwa maneno wazi wajibu wa anayepita: ukiona ambulensi, polisi, au mtu yeyote aliyewasha hazadi au kuweka pembetatu, punguza mwendo, na uhame leni pale tu penye leni ya kuhamia. Pili, wajibu huo ufundishwe kwenye shule za udereva na uulizwe kwenye mtihani wa leseni, kabla hajaadhibiwa mtu. Tatu, ripoti ya ajali iwe na nafasi ya kujibu swali moja: je, aliyepita alipunguza mwendo? Swali hilo likiwa kwenye karatasi, anayeandika hana budi kuliuliza.

Mtaniambia haya ni madogo. Ni kweli. Ila ile ya Garcia nayo ilianza na karatasi moja iliyoandika jina lisilostahili kama mkosaji.

Jana nilimpigia mjomba nikampa jibu langu. Nikamwambia barabara ni ya anayepita na ya aliyesimama, ila sheria yetu imemzoea anayepita. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia, "Sawa. Waambie hao wasomi wenzako pia wapunguze mwendo." Nami nimewaambia.



Sasa ni zamu yenu hapo chini. Swali langu kwenu: unayempigia kura anayekuombea barabara mpya, umewahi kumuuliza kuhusu kando yake? Na kama umewahi kuharibikiwa na gari usiku, tuambie: wangapi walipunguza mwendo?