Sukari ya Ujauzito: Kutoka Kliniki Hadi Arobaini

Ifuatayo ni mada ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale, iliyoandaliwa isomwe katika mabaraza, vikundi vya akina mama na kliniki za wajawazito.



Mada ya leo ni kisukari cha ujauzito. Ni ugonjwa usio na kelele. Mama anaweza kuwa nao huku akifua nguo, akiuza samaki ufuoni Msambweni au akienda kazini Diani, asisikie lolote. Kiu na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari, lakini pia ni mambo ya kawaida ya mimba. Kwa hiyo hakuna mkunga, mume wala mama mzazi anayeweza kuutambua kwa kumtazama mjamzito. Unatambuliwa kwa kipimo tu. Ukishatambuliwa, sehemu kubwa ya matibabu yake haipo kwenye chupa ya dawa. Ipo jikoni.

Unavyoanza

Chakula cha wanga, kama wali, sima, muhogo na mkate, kikishasagwa tumboni hugeuka kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie mwilini na kutumika. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama. Kongosho la wengi hujitahidi likatoa insulini zaidi. Likishindwa kufikia kiwango kinachohitajika, sukari hupanda.

Walio katika hatari zaidi ni wenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, waliowahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, wenye uzito mkubwa, wenye umri mkubwa, na waliopata sukari katika mimba iliyopita. Lakini hata msichana mwembamba wa mimba ya kwanza anaweza kuipata. Si aibu, wala si adhabu ya kupenda chai tamu.

Kinachotia wasiwasi ni mtoto. Sukari ya mama huvuka kondo na kumfikia, ila insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, na sukari ile hugeuzwa kuwa mafuta. Mitaani mtoto mnene ni sifa kwa mamake, lakini mtoto aliyenenepeshwa na sukari anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa. Kitovu kikikatwa, sukari aliyoizoea hukatika ghafla huku insulini yake ikiwa bado juu. Sukari yake ikishuka mno anaweza kupata degedege. Mama naye huwa katika hatari zaidi ya presha, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji.

Habari njema ni kwamba matibabu yanafaa. Mwaka wa 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliofuatilia wajawazito 1,000 wenye sukari ya ujauzito. Kundi moja lilipewa ushauri wa chakula, likapima sukari, na waliohitaji wakapewa insulini. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Watoto waliopata madhara makubwa walikuwa 4 katika kila 100 kwa kundi la pili, na 1 tu katika kila 100 kwa kundi la kwanza.

Kupima

Kipimo kikuu hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, yaani mwezi wa sita au mwanzo wa mwezi wa saba. Mwenye hatari kubwa hupimwa mapema zaidi, tangu siku ya kwanza ya kliniki. Mama huamka bila kula, hupimwa damu, hunywa gramu 75 za glukosi iliyochanganywa na maji, kisha hupimwa tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka wa 2013, nambari moja tu kati ya hizi inatosha kusema mama ana sukari ya ujauzito: 5.1 au zaidi kabla ya kunywa, 10.0 au zaidi baada ya saa 1, au 8.5 au zaidi baada ya saa 2. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi, kwa kuwa kinaweza kuonyesha hakuna sukari ilhali ipo.

Baada ya hapo mama hujipima kwa mashine ndogo ya kudunga kidole. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao mwaka wa 2023 wana mashine hiyo ndani yake, hivyo asiye nayo nyumbani amuulize mhudumu wa kijiji chake. Nambari za kulenga ni hizi:

Asubuhi kabla ya kula: chini ya 5.3.
Saa 1 baada ya kuanza kula: chini ya 7.8.
Au saa 2 baada ya kuanza kula: chini ya 6.7.

Hizi ni nambari za kuongoza matibabu, zisichanganywe na zile za kutambua ugonjwa. Mikono ioshwe na ikaushwe kabla ya kudunga, kwa maana kidole chenye maji ya embe kitatoa nambari ya uongo. Kila nambari iandikwe daftarini, hata ile mbaya. Mficha uchi hazai, na daktari hawezi kurekebisha asichoonyeshwa.

Sahani ya Kwale

Wengi wakiambiwa wana sukari huogopa chakula chote. Wengine huacha kula mchana kutwa ili nambari ishuke. Hilo ni kosa. Mtoto anahitaji chakula, na mama aliyeshinda na njaa hula kupita kiasi usiku. Upande wa pili kuna mavyaa anayemwongezea mkaza mwana wali akisema anakula kwa wawili. Nia ni njema, ila mtoto aliye tumboni hahitaji sahani ya pili.

Njia ni kugawanya. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mtsunga, kisamvu, bamia, kabichi. Robo iwe samaki, kuku, mayai, kunde, pojo au maharagwe. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, kiasi cha ngumi ya mama mwenyewe. Akianza na mboga na samaki, akamalizia na wali, sukari hupanda polepole zaidi. Milo iwe 3 ya kiasi, na vitafunio 2 au 3 katikati, kama konzi ya njugu, yai au maziwa ya lala yasiyotiwa sukari.

Asubuhi ndipo penye mtihani, kwa sababu homoni za mimba huipinga insulini zaidi wakati huo. Mahamri manne na chai ya vijiko vitatu vya sukari huipandisha nambari kuliko chakula kingine chochote cha siku. Hakuna haja ya kuyafukuza mahamri na mbaazi katika nyumba ya Mswahili au Mdigo. Kinachobadilika ni kipimo. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, basi ziwe ndizo nyingi. Mahamri yawe moja. Chai iwe bila sukari, ikolezwe kwa tangawizi na iliki.

Wali wa nazi unaliwa, ila kwa kiasi cha ngumi na tui jepesi. Sima na muhogo navyo ni wanga, hata kama si vitamu mdomoni. Embe liliwe nusu, likiwa zima na si juisi, baada ya chakula. Dafu lina sukari yake ya asili, hivyo lisifanywe maji ya kunywa kutwa. Soda, juisi ya miwa, kashata, kaimati na halwa visubiri. Samaki ni neema ya pwani hii, isipokuwa papa na nduaro, ambao hubeba zebaki nyingi na hawafai kwa mjamzito.

Baada ya kula, mama asilale papo hapo. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, ikiwa daktari hajamkataza, huisaidia misuli kutumia sukari. Jua la saa saba likiwa kali, atembee kivulini au ndani ya ua.

Dawa

Wengi hutosheka na chakula na matembezi. Nambari zikibaki juu, daktari ataanzisha insulini, na wakati mwingine metformini. Kuanzishiwa insulini si dalili kwamba mama ameshindwa. Homoni za kondo huongezeka mimba inapokua, na kongosho lina mipaka yake. Insulini haivuki kumfikia mtoto. Majani ya mwarobaini na shubiri, ambayo wengine hunywa kushusha sukari, hayashauriwi kwa mjamzito.

Swali la wengi wasio na friji ni joto. Chupa ambazo hazijafunguliwa ziachwe kwenye friji ya kituo cha afya. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo kutokana na joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Waligundua kuwa insulini iliyo katika matumizi ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Kwa hiyo mtungi wa udongo wenye ubaridi, kivulini, unatosha kwa chupa inayotumika, ikiwa imefungwa kwenye mfuko mkavu. Isiachwe dirishani wala ndani ya gari.

Anayetumia insulini aijue pia sukari iliyoshuka: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, nambari chini ya 3.9. Hapo ndipo sukari inakuwa dawa. Anywe vijiko vidogo 3 vya sukari ndani ya maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale.

Mwezi wa Ramadhani, mama mwenye sukari ya ujauzito azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Sharia imempa ruhusa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto kutofunga na kulipa baadaye. Ruhusa hiyo si upungufu wa imani, na maimamu wanaombwa waiseme wazi misikitini.

Kujifungua, na baada yake

Mama huyu ajifungulie hospitali yenye uwezo wa upasuaji, kama Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Anayetoka Kinango, Samburu au ndani ya Lunga Lunga apange gari na nauli kabla ya mwezi wa tisa, na usajili wa SHA uwe tayari. Mtoto akipungua kucheza, au mama akiumwa kichwa kikali, kuona kiza au kuvimba uso, asingoje kuche. Mtoto akizaliwa awekwe kifuani, anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari.

Kisha mara nyingi sukari ya mama hurudi chini, na hapo ndipo familia nyingi huufunga ukurasa. Kumbe aliyepata sukari ya ujauzito ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 zaidi ya mwenzake ambaye hakuipata. Ugonjwa huo nao huingia kimyakimya, ukagunduliwa macho au figo zimeshaharibika. Kunyonyesha humpunguzia mama hatari hiyo, na kupima huuwahi ugonjwa mapema.

Kipimo hicho hufanywa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Pwani hii ina hesabu yake ya siku hizo, ya tangu enzi za mababu: arobaini. Mama hutunzwa, hukandwa, hupikiwa, na siku ya arobaini hutoka. Siku 40 ni karibu wiki 6, na wiki ya 6 ndiyo ya chanjo ya mtoto. Basi safari iwe moja: mtoto apate chanjo, mama aamke bila kula na apimwe sukari. Akikosa siku hiyo, kuna chanjo ya wiki ya 10. Baada ya hapo apimwe kila mwaka, na kabla ya kushika mimba nyingine.

Akina baba, aulizeni mke amepima nambari ngapi leo, kama mnavyouliza chakula kiko wapi. Akina mavyaa, mnaoshika upawa, ujazeni mboga. Na nyumba yoyote iliyokuwa na sukari ya ujauzito isihesabu kwamba arobaini imekwisha mpaka mama apimwe tena.